Kamba Fupi ya Dalali

Katika soko la mifugo la Garsen kuna madalali wengi, lakini aliyeitwa Dalali alikuwa mmoja. Wengine ilibidi watafutiwe nyongeza: Dalali Mrefu, Dalali wa Mbuzi, Dalali wa Madogo. Ukisema "Dalali" ukanyamaza, watu walijua unamsema yule mzee mwembamba mwenye kikoi cha buluu begani, fimbo kwapani, na simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo aliitazama kama mtu anayekagua mguu wa ng'ombe anayechechemea.

Mimi nina kioski cha kuweka na kutoa pesa za simu, kwenye njia inayotoka sokoni kwenda stendi ya mabasi. Kazi hiyo imenitia tabia ya kueleza. Mama akija analalamika kwamba pesa aliyotumiwa na mwanawe haijaingia, namkalisha kwenye ndoo, namweleza tangu mwanzo mpaka uso wake ulegee. Dalali naye nitamweleza hivyohivyo, polepole. Kama hujawahi kusikia habari za sarafu za mtandaoni usiogope, tutafika pamoja.

Sarafu hizo hazishikiki. Ni hesabu zinazokaa mtandaoni, na watu wa dunia nzima huziuza na kuzinunua kwa simu mchana na usiku. Bei hupanda na kushuka kama bei ya mbuzi. Anayenunua ikiwa chini na kuuza ikiwa juu amepata; anayefanya kinyume amepoteza. Basi. Dalali alipolielewa hilo, akiwa amesimama mbele ya kioski changu, alicheka mpaka akashika mlango.

"Kumbe ni mnada," alisema. "Mnada usio na mavi."

Aliingia kwenye mnada huo na bei ya mbuzi mmoja. Sikusema mbuzi kwa mfano. Ndivyo alivyopima kila kitu. Mtaji wake wote ulikuwa mbuzi, na kila alipofanya biashara alihesabu ni sehemu gani ya mbuzi iko hatarini. Kanuni yake ilikuwa kwamba hasara ya safari moja isizidi kwato.

"Mbuzi akikosa kwato moja atachechemea mpaka nyumbani," aliniambia. "Akikosa kichwa, utamwambiaje atembee?"

Kabla hajanunua sarafu yoyote aliamua kwanza ataiuza wapi ikishuka, na akaiambia programu ya simu bei hiyo, ili ikifika iuze yenyewe bila kumwuliza. Vijana wana jina lao la kizungu kwa jambo hilo. Yeye aliliita kamba. Mnyama mpya, alisema, humwachii kwanza halafu ukatafuta kamba. Unamfunga, unaamua urefu, ndipo unamwachia ale. Kamba yake ilikuwa fupi sana. Vijana wa bodaboda walimcheka, kwa kuwa mara nyingi bei ilishuka kidogo, kamba ikamtoa, kisha bei ikapanda bila yeye.

"Mzee wa Mishumaa!" walimwita, kwa sababu bei huchorwa kwenye simu kwa vijiti vya kijani na vyekundu vinavyofanana na mishumaa. "Leo imewaka?"

"Imewaka," alijibu bila kuinua macho. "Lakini nyumbani kwako naona bado giza."

"Aisee, Mzee, kamba yako fupi! Ng'ombe wako atakufa njaa!"

"Afe njaa nikimwona. Wako kaliwa na simba, na wewe ulikuwa umelala."

Wale vijana walicheza kwa mkopo. Programu hizo humruhusu mwenye shilingi kidogo acheze kama mwenye nyingi, kwa pesa ya kukopeshwa papo hapo. Bei ikigeuka kidogo tu, mtaji wote umekwenda. Dalali hakugusa. Kwanza dini yake ilimkataza. Pili, alikuwa na msemo: "Ng'ombe wa kuazima humkamui. Yeye ndiye anayekukamua." Nimewaona vijana watatu au wanne wakiuza pikipiki zao kwa sababu ya ng'ombe huyo wa kuazima, na kila mmoja alipokuja kutoa pesa ya mwisho nilimpa moyo, nikamwambia atainuka. Sijui kama ameinuka yeyote.

Wakati mmoja mto ulifurika, barabara ya kwenda Lamu ikakatika na mnara wa simu ukazimika. Wenye sarafu walihangaika wakipanda juu ya tuta la barabara, simu hewani, kama watu wanaoomba mvua wakati mvua ndiyo imewaleta pale. Dalali alikuwa msikitini, amelala. Mtandao uliporudi, kamba ilikuwa imeshamtoa. Amepoteza kwato. Wengine walikuta ngozi tu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Sokoni alidanganya kama dalali yeyote. Nimemsikia akimwambia mnunuzi kutoka Malindi, mbele ya ng'ombe aliyehesabika mbavu, "Huyu ukimkamua, lazima umwombe aache." Mnunuzi akauliza mbona kakonda hivyo. "Ni maziwa hayo," akasema Dalali, "yamemmaliza." Alihimiza wote kuwa na subira, na kwenye foleni ya kioski changu alikuwa mtu wa kwanza kupiga fimbo chini. Na yeye huyohuyo, aliyekataa kuiamini bei hata ikipanda wiki nzima, alimwamini binadamu yeyote aliyemsalimia vizuri. Nilimwuliza kuhusu hilo. Akasema binadamu ana mama wa kumwonea haya, bei haina mama.

Sasa nieleze alichokuwa anakitafuta, maana mtu hatazami vijiti vyekundu miaka yote hiyo kwa kupenda rangi.

Alikuwa mfugaji. Ukame mmoja ulimaliza zizi lake, akabaki na fimbo, na tangu hapo akawa mtu wa kuuza ng'ombe wa wenzake. Mkewe, ambaye alikuwa amezoea kukamua kila alfajiri, siku walipoanza kununua maziwa ya pakiti dukani alisema yeye hayanywi. Hakugombana. Alisema atakunywa chai ya maziwa siku maziwa yatakapotoka kwa ng'ombe wake. Mgeni akija alimtilia maziwa ya pakiti, kwa heshima ya mgeni. Mumewe naye akawa hawezi kunywa mbele ya mke. Wakanywa wote chai ya rangi, na mimi, kila nilipowatembelea, nilikunywa yangu nyeupe kwa aibu kidogo.

Alichotaka Dalali ni mtamba mmoja. Si zizi. Ng'ombe jike mmoja ambaye hajazaa, azae, mkewe akamue.

Unaweza kuuliza mbona asinunue wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapouzwa kwa bei ya kutupa. Nami nilimwuliza. Alinieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wengine: kiangazi bei iko chini kwa sababu majani hayapo, na atakayemnunua atamnunulia kaburi. Mvua ikinyesha majani yanaota, na bei inaota pamoja nayo. Kwa hiyo ilimbidi awe na bei ya masika mkononi kabla ya masika. Sarafu zilikuwa za kujaza hilo pengo, kwato kwa kwato, pamoja na kile alichobakiza kwenye ujira wake kila mnada uliokwenda vizuri.

Na alikaribia. Napenda lijulikane hilo. Kanuni zake zilifanya kazi. Yule mbuzi alikua, polepole mno kwa macho ya vijana, lakini alikua, akawa mbuzi wawili, akawa ndama, na mwaka mmoja, kiangazi kikielekea mwisho, Dalali alikuwa ameshamchagua mtamba wake. Wa kahawia, mwenye baka jeupe shavuni. Mwenye mali, mfugaji wa upande wa Kulesa, alikubali kumngoja mpaka mvua ya kwanza. Dalali alinipeleka kumtazama. Hakumsifu. Alimpapasa shingoni tu, akasema, "Ana pumzi nzuri."

Hapa lazima nieleze desturi moja, la sivyo yaliyofuata yataonekana upumbavu.

Madalali wa zamani hawatangazi bei. Mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya kikoi, na bei husemwa kwa vidole: kidole hiki kiasi hiki, viwili vikibanwa kiasi kile. Walio kando huona kitambaa kikitikisika tu. Na wakati mikono iko chini ya kitambaa, mtu wa tatu hasemi. Hata akijua ng'ombe ni mgonjwa. Akisema, ameharibu mnada wa mwenzake, na hatashikwa mkono tena katika soko lile. Atasubiri watoe mikono, ndipo amvute mtu pembeni. Lakini desturi ina upande wa pili. Dalali aliyesimama karibu akaona, akanyamaza, amekuwa shahidi. Biashara ikiharibika, anaulizwa.

Palikuwa na muuza viatu vya mitumba, jirani yetu sokoni, mcheshi, mkarimu, ambaye Dalali alimfundisha kamba na kwato. Hakuwa na subira nazo. Akapata programu nyingine, isiyo na mishumaa wala bei. Unaweka pesa, na kila siku inazaa. Ukileta mtu, inazaa zaidi. Dalali aliitazama siku moja tu, akarudisha simu. "Hii inapanda tu," alisema. "Kitu kisichoshuka si mnyama. Ni picha ya mnyama."

Siku ya mnada, mchana, mimi na Dalali tulikuwa kwenye benchi la mama muuza uji. Mama huyo ni mjane, na akiba yake ilikuwa ya bati la nyumba. Muuza viatu alikuwa amechuchumaa mbele yake, simu yake na ya mama mkononi, anamwelekeza pa kubonyeza.

"Mama, ngoja kidogo," nilisema. "Tuulizane kwanza, hiyo pesa inazaliwa na nini?"

"We dada," muuza viatu alinicheka, "wewe unakula kwa kila pesa inayotumwa, halafu unazuia watu wasitume? Unaumwa?" Benchi lote likacheka. Kisha akamwonyesha Dalali kwa kidevu. "Mwalimu wangu mwenyewe huyu hapa. Nimepata wapi akili hii?"

Mama wa uji akamgeukia. "Dalali, na wewe uko. Unaonaje?"

Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mchangani kwa ncha ya fimbo. Hakusema kitu. Mama akangoja kidogo, kisha akabonyeza. Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana, na kabla uji haujapoa nao walikuwa wametoa simu zao.

Tulipokuwa njiani nilimwuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia.

"Mikono ilikuwa chini ya kikoi, binti yangu."

"Kikoi gani, Mzee? Ni simu!"

"Biashara ni biashara. Ningemwambia jioni."

"Jioni pesa imeshakwenda. Ng'ombe unaweza kumrudisha. Hii hairudi."

Akasimama. Nafikiri ni pale ndipo alipoelewa. Maisha yake yote mnada ulikuwa na jioni yake: mikono inatoka, watu wanavutana pembeni, mnyama bado amefungwa pale pale, neno bado linaweza kurudishwa. Alikwenda kwa mama wa uji siku hiyohiyo akamwambia yote. Mama akamwuliza mbona hakusema mapema, na kesho yake, pesa ilipozaa kweli, akamwona Dalali ni mzee mwenye wivu.

Ilizaa kwa muda. Kisha programu ikakataa kufunguka. Muuza viatu, ambaye naye alikuwa ameweka bei ya mzigo wake wote, alipanda basi la Malindi na mfuko mmoja, na benchi lake likabaki na viatu vya kushoto tu, vile vya maonyesho.

Watu hawakumpigia Dalali kelele. Ingekuwa heri. Mama wa uji alikwenda akakaa nje ya nyumba ya Dalali, miguu ameinyoosha. Kesho yake wakaja na wengine.

Mimi nilikwenda kumweleza Dalali. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu yeyote. Kwamba hakuchukua pesa ya mtu. Kwamba hakumshauri yeyote. Kwamba polisi hawana la kumwuliza, wala kadhi, wala chifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kila nilipofika mahali.

"Umesema kweli yote," akasema. "Lakini nilikuwepo."

Siku hizo bei ya sarafu ilikuwa inaporomoka, vijiti vyekundu tupu. Kwa kanuni yake huo ulikuwa wakati wa kukaa kando mpaka hali itulie, na kwa kweli kamba ilikuwa imeshamtoa salama kwenye nyingi. Zile alizokuwa amenunua zamani kwa bei ya chini, ambazo kamba zake zilikuwa bado hazijafikiwa, ndizo alizoziuza pale pale, katika shimo, kwa mnunuzi yeyote wa mtandaoni aliyejitokeza. Pesa ikaingia kwenye simu yake, akaitoa kwenye kioski changu, na mimi ndiye niliyemhesabia noti. Hakuna kamba iliyomlazimisha. Akawagawia wote, kila mtu alichoweka, bila ile faida ya uongo. Mama wa uji alilia. Dalali alimwambia anunue bati leo, asingoje kesho.

Nilidhani, kwa ujinga wangu wa kupenda kuona mazuri, kwamba soko litamheshimu zaidi. Nilikuwa tayari kumwambia hivyo. Lakini kabla mwezi haujaisha nilisikia maneno kioskini, kwanza kwa mmoja, halafu kwa wengi: asiye na hatia halipi. Kwamba kama hakuwa mshirika wa muuza viatu, angetoa pesa yake ya nini? Hata mmoja wa aliowalipa alisema hivyo, akitabasamu, huku akiweka akiba kwangu. Nilimweleza. Nikamweleza tena. Akasema, "Dada, wewe una roho nzuri."

Wafugaji wakaanza kupeleka wanyama wao kwa madalali vijana, wanaouza kwa picha za simu na hawashikani mkono na mtu.

Mwenye mtamba ndiye pekee aliyebaki. Mvua ya kwanza iliponyesha alimngoja Dalali wiki moja kwa adabu, kisha akaja kumwambia kwamba lazima auze, na kwamba, kwa heshima yao ya zamani, angependa Dalali mwenyewe ndiye amtafutie mnunuzi. Sidhani alikusudia ubaya. Nilikuwepo sokoni siku ile. Mnunuzi wa Malindi alizunguka mtamba, akaangalia meno, akauliza, "Haya Dalali, huyu naye nitamwomba aache?"

"Hajazaa bado," Dalali akasema. "Hana kilema. Ana pumzi nzuri." Hakuongeza lolote. Ni mnyama wa kwanza niliyemsikia akimwuza bila uongo hata kidogo. Wakashikana mikono chini ya kile kikoi cha buluu, kitambaa kikatikisika, wakatoa mikono. Mtamba akapandishwa kwenye lori.

Mara ya mwisho kumtembelea ilikuwa alasiri, mwaka huu, jua bado kali, vichaka vya miiba ya mathenge vimefunga njia ya nyuma ya nyumba mpaka nikapita mbele. Nilimkuta kivulini mwa ukuta. Magoti yamevimba, sokoni haendi tena. Simu ilikuwa pajani. Mkewe alinisalimia, akaagiza pakiti ya maziwa dukani kama kawaida, akaenda jikoni, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

Alikuwa ameanza tena, akaniambia. Safari hii kwa bei ya kuku. Kanuni zilezile: kamba kabla ya mnyama, hasara isizidi unyoya. Alinionyesha. Ni kweli, alikuwa anapata. Kidogo sana, lakini anapata, na hajavunja kanuni hata mara moja.

"Wewe unajua kueleza," alisema. "Nieleze kama unavyowaeleza watu wa ndoo. Nikienda hivi, bila haraka, bila kukosea, mtamba nitamfikia lini?"

Nilitoa kikokotoo cha kwenye simu. Nikachukua faida yake ya wastani, ile ya kweli, si ya ndoto. Nikaondoa ada ya kila biashara. Nikaweka na bei ya mtamba, ambayo nayo haikai chini kumngoja mtu. Nilirudia, nikijaribu kumpendelea. Nina maneno mengi ya kumtia mtu moyo. Ndiyo mtaji wangu pale kioskini. Niliyatafuta yote. Lakini yeye alikuwa ameniomba hesabu.

"Mzee," nilisema, "kanuni zako ni nzuri. Hazina kosa. Kuku huyo atafika kuwa mtamba. Lakini miaka anayohitaji wewe huna. Wala mimi sina."

"Hesabu ni sahihi?"

"Ni sahihi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza njia na kuelekezwa. "Basi kamba haikuwa fupi," akasema. "Ni mbuga iliyokuwa mbali."

Mkewe akatoka na sinia. Vikombe vitatu. Akanitilia chai, akanitilia maziwa ya pakiti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akamtilia mumewe ya rangi. Kisha akajitilia yake, akaketi, akaishika pakiti akiipima uzito kwa mkono. Kutoka jikoni alikuwa amesikia kila neno.

Akamimina maziwa yaliyobaki kwenye kikombe chake mwenyewe.

Dalali aliona. Aliinamisha kichwa, akachukua fimbo, akaanza kuchora mchangani.